Tope la Mbele ya Nyumba

Mtaro unaopita mbele ya nyumba yangu una wenyewe wengi kuliko shamba la urithi. Jirani wa kulia anapitishia humo maji ya kufulia. Gereji ya kona inamwaga oili chafu. Muuza chipsi anamwaga mafuta yaliyokwisha kazi, na ukiona muuza chipsi wa Dar kayamwaga mafuta, jua yamekoma kweli. Pampasi sijui zinatoka kwa nani, maana ukiuliza, mtaa mzima hauna mtoto mchanga. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, ila mtaro wetu nadhani haukusikia tangazo.

Mtaa wenyewe siutaji, nina madeni.

Halafu yupo jirani wa kushoto. Huyu choo chake kinajaa taratibu, kinasubiri masika kama mkulima. Wingu likitanda anatabasamu. Radi ya kwanza tu, anazibua kibomba chake cha pembeni, choo kinatapika. Gari la majitaka ni pesa, mvua ni bure. Nikamwambia, "Jirani, hivi hiki ni nini?" Akanijibu kwa upole, "Si yanakwenda zake baharini, jirani?"

Na kweli yanakwenda. Mimi miaka yote nilidhani huko mbele kuna mabwawa, kuna kijana kavaa gambuti anachuja. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyenivunja moyo: yanayokwenda mabwawani ni ya bomba la majitaka, na bomba lenyewe huku kwetu tunalisikia tu. Mtaro wa mvua haupiti kwa mtu kusafishwa. Unamwagika Msimbazi, mto unaoanzia vilima vya Kisarawe, unakatiza Vingunguti, Jangwani, mpaka baharini pale Selander. Yaani choo cha jirani kinavuka jiji lote bila kusimamishwa, mimi nikipakia gunia moja la mkaa naulizwa kibali mara tatu. Nikaukumbuka na ule mchicha wa bondeni, unavyonawiri. Kumbe mbolea yake nasalimiana nayo kila asubuhi.

Sasa msidhani nasema manispaa haifanyi kazi. Inafanya, taabu ndiyo inaanzia hapo. Kabla ya masika walikuja vijana na machepe, wakauzibua mtaro mpaka sakafu ikaonekana. Sikujua kama una sakafu. Tope lote wakalilaza ukingoni, mbele ya mlango wangu. "Likauke kwanza mzee, gari linakuja kuzoa."

Likakauka. Paka akazalia pale. Likaota nyanya, zikaiva, mke wangu akakataa kuzichuma. Gari bado linakuja.

Aliyekuja ni bwana afya, kitabu cha risiti kwapani.

"Hili tope la nani?"

"La mtaro."

"Mtaro ule pale. Hili liko mbele ya nyumba yako, na sheria ndogo inasema kila mtu usafi wa mbele ya nyumba yake. Faini 50,000."

"Lakini bwana afya, wamelitoa vijana wenu."

"Wale wa ujenzi. Mimi wa afya."

Akanipa siku saba. Nikamtafuta mwenye guta, akataka 15,000 kwa tripu moja, na tripu zenyewe ziwe tano. Nikamuuliza analipeleka wapi. "Hapo bondeni, mzee." Nikapiga hesabu: nimlipe mtu 75,000 alipeleke tope mtoni, wakati mtaro unalipeleka bure?

Usiku wa manane nikatoka na beleshi, nikalirudisha lote, na nyanya zake. Katikati ya kazi nikasikia mtu anakohoa. Jirani wa kushoto, kainamia kibomba chake, maana upepo ulikuwa umeanza kunuka mvua. Tukasalimiana kwa adabu, kila mtu akaendelea na shughuli yake.

Alfajiri ikashuka mvua. Maji ya mtaa wa juu yakateremka, yakafika kwangu, yakakuta mtaro umeshiba, yakaingia sebuleni bila hodi. Mke wangu akapandisha godoro juu ya kabati. Nilipowasha tochi, pampasi imetulia kwenye kochi la wageni kama shangazi aliyekuja msibani. Nashukuru yaliishia magotini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini humu, baadhi ya waliokuwa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hilo silifanyii mzaha.

Jumapili mwenyekiti akaitisha mkutano, bwana afya pembeni yake. "Nataka nijue, nani karudisha tope mtaroni?"

Kimya. Mara jirani wa kushoto akanyoosha mkono. Moyo wangu ukasimama. Akanitazama. Mimi nikatazama kule kwenye kibomba chake, nikakikazia macho.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi naona hawa ni watu wa mtaa wa juu."

Nikawa wa kwanza kupiga makofi.