Teksi ya kwenda Ndavaya: nani alipe njia ya kurudi?

Mtu wa Mombasa mwenye jamaa vijijini, iwe Ndavaya huko Kinango, Bamba au Ganze, ameshapiga hesabu hii mara nyingi. Simu imelia usiku: kuna msiba, au mzee amezidiwa, au ukoo unakaa kuhusu shamba na huwezi kukosa. Asubuhi uwe umefika, jioni uwe umerudi, maana kesho ni kazi. Upande matatu kisha umalizie na bodaboda, au ukodi teksi ikufikishe mlangoni na kukusubiri? Wazee wetu wengi husema kukodi gari zima ni israfu. Vijana husema kubanana kwenye Probox, gari dogo linalofanya kazi ya matatu vijijini, ni mateso. Mimi nimesafiri kwa njia zote mbili, na siku hizi nakodi. Lakini nakodi kwa masharti ambayo mwanzo sikuyajua, na raha ya kiti ni jambo dogo sana katika uamuzi wangu.

Tuanze na saa. Ukifika steji ya Likoni saa mbili asubuhi, matatu za Kwale ziko tele. Hadi Kwale mjini ni lami, na Kinango pia si vigumu kufika. Kazi huanza Kinango kwenda ndani. Magari ya vijijini huondoka alfajiri kuja mjini yamebeba watu, makaa, maziwa na kuku, kisha hurudi alasiri abiria wakishamaliza shughuli zao. Ratiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu wa kijijini, na ni haki yake. Mtu wa mjini anakwenda kinyume nayo. Asubuhi anapotaka kuingia, gari limeshatoka. Jioni anapotaka kutoka, gari ndiyo kwanza linaingia, na dereva hana haja ya kwenda tena popote mpaka kesho.

Kwa hiyo anayesema nauli ya matatu ni ndogo anasema kweli, ila hajamaliza kuhesabu. Hajatia usiku mmoja wa kulala, siku moja ya kazi iliyopotea, na bodaboda ya kwenda na kurudi kwenye njia ya vumbi. Kwa kijana asiye na mzigo hiyo si kitu. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, gunia la unga na mafuta ya kupelekea matanga, ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo matatu ina jambo moja zito upande wake. Ni gari lililosajiliwa kubeba abiria, lenye leseni ya kazi hiyo na bima ya kazi hiyo. Kanuni zilizoanza kufuatwa mwaka 2004 ziliilazimu kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Najua kwamba njia za ndani kanuni hizo husahauliwa, na Probox ya watu watano hubeba tisa na wawili buti. Lakini sehemu ya safari iliyo na hatari kubwa mara nyingi ni lami yenyewe, hasa barabara kuu ya Nairobi kupitia Mariakani, unapopishana na malori ya kontena yanayotoka bandarini. Pale ndipo bima inapokuwa na maana. Na magari mengi tunayokodi kupitia "namjua jamaa ana gari" ni ya matumizi binafsi. Bima yake haikuandikwa kwa abiria wanaolipa. Ajali ikitokea, kampuni ina mlango wa kukataa madai, na wewe na mwenye gari mtabaki kutazamana hospitalini. Ukikodi, uliza bima kabla ya kuuliza bei. Dereva wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Njia ya pili ya kukodi ni programu za simu. Uber iliingia Mombasa mwaka 2016, na Bolt nayo ipo, na tangu hapo wengi wetu tumezoea kubonyeza na kuona bei. Kwa safari ya Nyali kwenda Mtwapa ni neema. Kwa safari ya Bamba ni mtego, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu lawama zote hutupiwa dereva.

Programu hupiga hesabu ya kilomita na dakika ambazo abiria yumo garini. Ukishuka, hesabu imefungwa. Mjini hilo ni sawa, kwa kuwa ukishuka Mtwapa kuna mwingine anapanda Mtwapa. Bamba hakuna anayebonyeza. Dereva atarudi na gari tupu hadi Mariakani au mbele zaidi, kwa mafuta yake na muda wake. Tuchukue mfano: kijiji kiko kilomita 70 kutoka mjini, gari dogo kwenye njia mbovu linakula lita moja kwa kila kilomita 10, na lita tuseme ni shilingi 180. Kwenda na kurudi ni lita 14, yaani shilingi 2,520 za mafuta peke yake. Programu imemlipa kilomita 70, yeye ametembea 140. Bado mwenye kampuni hajakata chake, ambacho kanuni za mwaka 2022 zimekiwekea kikomo cha asilimia 18. Na dereva wengi gari si lao. Jioni kuna hesabu ya kumpelekea mwenye gari, iwe ameshinda mjini au ameshinda Bamba.

Ndiyo maana atakupigia kabla hajafika na kukuomba ughairi safari mwende oflaini, yaani nje ya programu. Anatafuta nani atalipia njia ya kurudi. Kosa liko katika kupanga hilo kwa siri, kwa sababu ukighairi unapoteza ulinzi uliokufanya utumie programu: safari haimo kwenye rekodi, na hakuna anayejua uko na nani. Mwaka juzi nilifanya hivyo nikiwa na dadangu. Tulikubaliana bei kwa simu, kila mtu akiwa na picha yake kichwani. Dereva alidhani safari inaishia lami inapoishia. Mimi nilidhani ni hadi nyumbani. Alipoona njia alisimama, akatazama chini ya gari lake, akasema hapiti. Tulimlipa, tukashusha mifuko, tukangoja bodaboda chini ya mwembe. Nilimkasirikia sana siku ile. Leo nafikiri alikuwa na haki kuhusu gari na makosa kuhusu bei, nami nilikuwa na makosa kwa kutomwambia njia ilivyo.

Maana njia ndiyo kila kitu. Gari la chini kama Vitz linafika Ndavaya wakati wa kiangazi bila kelele. Wakati wa masika au vuli, mito ambayo wiki iliyopita ilikuwa mchanga mtupu hujaa kwa saa moja. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu huko, na pale ulipo jua linawaka. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 zilisomba gari la serikali huko Kwale likiwa na watu ndani. Dereva wa mjini akiona maji yanayofika nusu ya gurudumu anasema tujaribu. Dereva aliyezaliwa huko anashuka, anasimama, anatazama mti fulani ng'ambo, kisha anasema tungoje au turudi. Ujuzi huo hauonekani kwenye nyota tano za programu, na ndio ninaoulipia kwanza.

Usiku vilevile. Barabara ya Kwale kwenda Kinango inapita kati ya hifadhi ya Shimba Hills na Mwaluganje, na ndovu huvuka. Dereva mwenyeji anajua saa ya kuondoka ili giza lisimkute hapo. Anajua pia kusalimia. Ukiingia boma la Waduruma au Wagiriama na dereva anayesalimia kwa lugha ya pale, hata njia unaelekezwa vizuri zaidi.

Basi mimi namtafuta dereva wa aina hiyo, na namlipa kwa siku. Silipi kwa kilomita. Tunakubaliana saa ya kutoka, saa ya kurudi, mafuta ni ya nani, na chakula chake. Arubuni inatumwa jana yake kwa M-Pesa, ili ujumbe ubaki kwenye simu za wote wawili. Nambari ya gari anatumiwa mtu wa nyumbani. Njia ya kurudi imo ndani ya bei, wazi, wala hakuna anayeona ameibiwa. Ni ghali kuliko ile bei ya kwenye skrini? Ndiyo. Lakini bei ya kwenye skrini haikuwahi kuwa bei ya safari hii.

Jambo moja husahauliwa kutajwa na huharibu safari nzuri: watu wa kurudi nao. Ukifika kijijini na gari, wewe ni gari la kijiji. Mama mkubwa ana kliniki mjini Jumatatu, mtoto wa binamu anarudi shule, kuna magunia mawili ya mahindi na jogoo. Dereva akiwaona wanajipanga karibu na gari uso unabadilika, na anataka kuongezwa. Anayo sababu, shoku ni zake. Nawe huwezi kumwambia mama mkubwa abaki na kiti kiko wazi. Sema mapema kwamba viti vyote ni vyako kwenda na kurudi, na mzigo kiasi gani. Hapo ndipo kukodi kunapoacha kuwa israfu. Viti vyote vikijaa pande zote mbili na watu wakichanga, gharama ya kila kichwa inashuka sana, na kijiji kinapata gari lililopita saa ambayo magari yao hayapiti.

Ukodi ninaoupinga ni ule wa kuchukua Probox ya kijiji chenyewe. Mtu wa mjini ana haraka, anapiga simu, anampa dereva wa huko pesa nzuri aje amchukue Kinango asubuhi. Dereva hawezi kukataa, pesa ni pesa. Lakini lile ndilo gari la alfajiri. Mwenye maziwa, mwenye mgonjwa na mwanafunzi wamesimama njiani na gari haliji. Nimesikia malalamiko hayo kwa masikio yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbele cha gari hilohilo. Sijafanya hivyo tena, na wanaosema "ni biashara tu" nawaomba wasimame pale njiani saa kumi na moja alfajiri na debe la maziwa.

Hesabu zote hizi zinavunjika kwa mgonjwa wa usiku. Mama mwenye uchungu saa nane hana nafasi ya kuuliza bima wala kuzungumzia njia ya kurudi. Atalipa atakachoambiwa, na akikosa ataondoka kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa na mtu nyuma. Kumwachia apatane bei na dereva peke yake si haki. Baadhi ya familia ninazozijua zimeweka mpango na dereva mmoja wa karibu mwezi wa mwisho wa mimba: nambari yake ipo, bei imeshasemwa, na kuna pesa kidogo ya mafuta imeshatangulizwa. Mpango huo hauchukui nafasi ya ambulensi ya kaunti, ambayo ingepaswa kufika. Lakini gari linakuwa limeshajulikana kabla uchungu haujaanza.

Mara ya mwisho tulikwenda Ndavaya watu watatu na unga, sukari na maji ya chupa. Dereva ni wa huko, anaishi Changamwe. Saa tisa na nusu alisimama mlangoni akasema tuage, mawingu ya upande wa Taru hayapendi. Tulirudi watano, mama mkubwa akiwa kiti cha mbele na jogoo miguuni, na tulifika Likoni kabla ya magharibi.