Maji ya barabarani: tuyaache macho, hayana kosa

Oktoba iliyopita tulipata pancha kati ya Manyoni na Singida, saa nane mchana, lami imepata moto hadi inanuka. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ametusumbua njia nzima: "Mjomba, mbele pale kuna maji!" Tukisogea, na maji yanasogea. Dereva akamkata kauli: "Hicho ni kiinimacho tu, usikitazame."

Jibu hilohilo nilipewa na mimi utotoni, na sasa nimelichoka. Mtoto hakudanganywa na macho yake. Alichokiona kilikuwepo kweli, ila hakikuwa maji. Kilikuwa anga.

Nilichuchumaa kulegeza nati za gurudumu, nikatupa jicho barabarani, nikashtuka kuona maji yametukaribia. Nikasimama, yakarudi nyuma. Nikachuchumaa tena. Nikiwa nimesimama yalianzia kwenye nguzo ya nne ya umeme, nikichuchumaa yanaanzia ya pili. Nikamwita mpwa wangu, naye akaanza mchezo wa kuinuka na kuinama huku dereva akiuliza kama tairi litajifunga lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Lami ikichomwa na jua yaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi, wakati hewa ya usawa wa kichwa iko kwenye 30 hivi. Hewa inayogusa lami hutanuka, ikawa nyepesi, na mwanga hupita upesi kidogo katika hewa nyepesi kuliko katika hewa nzito. Fikiria mkokoteni ambao gurudumu moja limeingia kwenye mchanga: upande wa mchangani unachelewa, na mkokoteni wote unageukia huko. Mwanga nao hugeukia upande unaouchelewesha, yaani kwenye hewa ya baridi iliyo juu. Kwa hiyo mwanga uliotoka angani ukiteremka kuelekea lami hauifikii. Unajikunja taratibu karibu na ardhi na kupanda hadi jichoni mwako. Ubongo, uliozoea mwanga unaokwenda moja kwa moja, unauweka ule weupe wa anga pale chini. Na kitu kinachoonyesha anga kikiwa chini tunakijua wote: dimbwi.

Tofauti inayofanya yote hayo ni ndogo mno. Kwa tofauti ya nyuzi 30 za joto, kasi ya mwanga inabadilika kwa sehemu kama 24 tu katika milioni moja. Ndiyo maana mwanga unaoweza kugeuzwa ni ule tu unaokuja karibu sambamba na barabara, kwa mteremko usiofika hata nusu digrii. Piga hesabu: macho yakiwa mita 1.6 juu ya lami, pembe hiyo inakutana na barabara mita kama 230 mbele yako. Pembe haibadiliki, basi ukitembea hatua kumi, maji nayo yanakwenda hatua kumi. Ukishusha macho hadi nusu ya kimo hicho, umbali nao unakuwa nusu. Nguzo ya nne, nguzo ya pili.

Shuleni tulichorewa hewa kama chapati zilizopangwa, mwanga ukivunjika kwenye kila chapati, kisha ukifika ya mwisho unaakisiwa kama umegonga kioo. Mchoro huo ulinipa alama zangu zote, kwa hiyo pengine sina haki ya kulalamika. Lakini pale barabarani hakuna mpaka wowote wala kioo. Joto linapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na njia ya mwanga ni mkunjo mmoja laini. Mwanafunzi anayekariri chapati atabaki akitafuta kioo ambacho hakipo.

Wenye kusoma tafsiri za Kurani wanayajua maji haya kwa jina la sarabi, wengine tunasema mazigazi. Kote mwenye kiu anakwenda na hakuti kitu. Mfano ni mzuri, lakini umetufanya tumlaumu shahidi. Mwaka 1798 wanajeshi wa Napoleon huko Misri waliona vijiji vimezungukwa na maji jangwani. Gaspard Monge, mwanahisabati aliyekuwa kwenye msafara huo, hakuwaambia wameota. Alitafuta sababu, akaikuta kwenye hewa iliyochomwa na mchanga.

Walioonewa zaidi ni mabaharia wa Kiholanzi waliokuwa na Willem Barents, waliokwama kwenye barafu ya Novaya Zemlya, visiwa vya kaskazini ya mbali mwa Urusi. Januari 24, 1597, baada ya miezi ya giza, waliona jua wiki mbili kabla ya siku yake. Kwa karne nyingi watu walidhani wamepotea hesabu za tarehe, au wamesema uongo. Kumbe kule mambo yaligeuka: baridi ilikuwa chini na joto juu, mwanga ukapinda kuelekea chini ukifuata mviringo wa dunia, ukawaletea jua lililokuwa karibu digrii 5 chini ya upeo wa macho.

Wala hatuhitaji kwenda kwenye barafu. Jioni, jua linapogusa upeo wa bahari, kwa hesabu ya mstari ulionyooka limekwisha kuzama zima zima. Hewa ndiyo inayolinyanyua, kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Tunapiga picha, tunasifu machweo, na hakuna anayesema hicho ni kiinimacho.

Tulipomaliza kufunga tairi mpwa wangu aliomba simu, akachuchumaa tena pembeni mwa barabara. Lori lilikuwa linakuja kwa mbali limewasha taa. Akapiga picha, akampelekea dereva. Dereva akaivuta kwa vidole viwili, akaona chini ya lori kuna lori jingine limepinduka, linatetemeka kwenye "maji". Akahesabu taa. Nne.