Sikulia "Mama", Nilimwita Mwenye Gari

Kwanza kabisa, sikulia "mama". Najua ile sauti aliyorekodi swahiba wangu, akidai nililia "mama" siku nilipokwenda kukagua gari la kununua, imeshafika kwenye kila kundi, najua kuna mtu kaifanya mlio wa simu, na najua swahiba wangu anasimulia huku kajishika kiuno na kuigiza. Lakini neno lile lilikuwa na mwenyewe. Mwenye gari alikuwa mama mtu mzima, kasimama hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa, na mimi nilikuwa namwita yeye. Kwamba nililivuta kidogo, sawa. Kwamba nililirudia, sawa pia. Kwa hali niliyokuwa nayo, hata wewe ungelivuta.

Basi pokeeni habari kutoka kwa aliyepatwa, maana yule mwingine alikuwa amekaa ndani ya gari, hakuona kitu, na tena ndiye chanzo cha yote.

Mnajua nilivyokuwa nawasumbua humu na habari za gari. Hatimaye nikapata moja lililotumika, la mama mmoja mstaafu, picha nzuri, na maelezo ya maneno machache: "Halina shida." Mimi nikishasoma "halina shida" roho hainitulii. Nikakesha naangalia video za ukaguzi wa injini, na kulipokucha nilikuwa fundi. Si fundi wa kutengeneza. Fundi wa kushuku. Nikamwomba swahiba anisindikize, kazi yake moja: akae kwenye usukani, afanye ninachomwambia. Hilo likumbukeni.

Tangu jana yake nilishamwomba yule mama asiliwashe gari mpaka tufike. Hili lichukueni hata kama mnanicheka: injini iliyolala baridi haina pa kujificha. Ikiwashwa kabla hujafika, huwezi kujua kama huwaka kwa shida asubuhi, na rejeta ya moto haifunguliwi, labda kama uso wako umeuchoka. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Nikamgeukia swahiba na jicho la "umeona?" Yeye alikuwa anaangalia simu.

Nikapiga magoti, nikamulika chini ya gari, nikasukuma kipande cha boksi chini ya injini kipokee ushahidi. Kisha nikaanza kutoa somo, kwa sauti ya kutosha ili mama wa watu asikie na ajue leo kaletewa mtu. Doa jeusi au la kahawia, hiyo oili ya injini. Jekundu, angalia giaboksi ya otomatiki au stelingi. Maji matupu yanayodondoka baada ya kutumia kiyoyozi, hayo ni ya kiyoyozi, msamehe mwenye gari. Lakini ukiona kijani, au pinki, au rangi ya chungwa, tena linateleza vidoleni, hiyo ni kulanti, maji ya kupoza injini.

"Na kulanti," nikasema, kidole juu, "ina ladha tamu. Ndiyo maana mbwa na paka huilamba, wakafa. Ni sumu. Inaharibu figo."

"Ee, kumbe, mwanangu," akasema yule mama kwa upole.

"Duh," akasema swahiba.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Boneti ikafunguliwa. Ndani pakavu, na vumbi lake la siku zote, nikafurahi. Injini iliyooshwa ikang'aa siku ya kuuzwa ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu vumbi hunasa oili na kukuonyesha ilikopita, na anayeliosha huenda anafuta njia. Nikapitisha kitambaa cheupe kwenye ukingo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Upande wa nyuma, pale pa kuingiza mkono kwa shida, kikarudi na doa jeusi, bichi. Nikatikisa kichwa polepole kama daktari mwenye habari mbaya. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikakigeuza: hakuna utando mweupe wa oili iliyochanganyika na maji. Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena, sura imekunjamana. Nikamulika pampu ya maji na viungo vya mipira ya rejeta nikitafuta ule ukoko unaobaki kulanti ikivuja na kukauka. Safi.

Chini ya boneti palikuwa na kampira kembamba kalikochomoka kwenye kiungo chake karibu na bawaba, kananing'inia. Nilikaona. Nataka hili liandikwe mahali: nilikaona. Nikasema, "Ah, huo wa waipa, hauhusiani na injini," nikaendelea na mambo ya maana.

Hapo ningefunga boneti tukaongea bei, leo nisingekuwa na jina jipya. Lakini video zilisema kuna kuvuja kusikoonekana mpaka injini ipate moto, presha ipande kwenye rejeta na mipira ikaze. Na ni kweli. Basi nikamwambia swahiba awashe. Ikawaka mara moja, ikatulia vizuri tu. Tukaiacha ingurume mpaka feni ya rejeta ikajiwasha yenyewe na kuzima. Nikaingiza kichwa.

Sasa twendeni polepole, maana hapa ndipo yule mwongo anapopita mbio.

Nilikuwa nimeinama juu ya injini, shingo imepinda kuelekea nyuma kwenye lile doa langu, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umeshika kitambaa. Tochi ingeshikwa na nani? Niliishika kwa mdomo. Kwa hiyo mdomo ulikuwa wazi. Naomba mlihifadhi hilo: mdomo wazi, uso juu, na kale kampira kananing'inia kananitazama.

Nikataka kujua injini italegea kiasi gani ikibebeshwa mzigo wa umeme. Nikapaza sauti, "Piga taa kubwa!" Kwa mtu mwenye tochi mdomoni, ilitoka "Hiha haa huhwa!" Cha ajabu swahiba alinielewa. Huyu bwana tumetoka naye mbali.

Tatizo ni kwamba gari lake yeye ni la Ulaya, kijiti cha taa kiko kushoto mwa usukani. Hili lilikuwa limetengenezwa Japani, usukani upande wa kulia, na kwa magari hayo kijiti cha taa kiko kulia. Cha kushoto ni cha waipa. Kwenye gari lake, ukivuta cha kushoto kuja kwako, taa kubwa zinamulika. Kwenye hili, ukivuta cha kushoto kuja kwako...

Nilisikia kwanza "zzzz". Fupi, kutoka kona ya chini. Nikawaza, sauti hii haikuwemo kwenye video. Kisha kale kampira kakakohoa. Hewa tupu, "phu", ikanipiga kwenye nyusi. Nikageuza macho kukatazama, ndiyo kusema nilikapa na shabaha.

Ikaja. Ya uvuguvugu, maana tangi lake lilikuwa linapashwa joto na injini muda wote ule. Ilipiga kioo cha tochi ikagawanyika, nusu jichoni, nusu kinywani, na mimi kwa mshtuko nikavuta pumzi. Nikameza. Kwenye mwanga wa tochi yangu mwenyewe, kwa jicho lililobaki, niliiona rangi yake vizuri sana. Kijani. Inateleza. Ulimi ukaenda wenyewe kutafuta utamu, na nawaapia, uliupata. (Ninyi mnaosema "ni akili tu hiyo", mlikuwepo?)

Nikainuka kwa kasi, kisogo kikaenda kukutana na ile ndoano ya boneti. Tochi ikaanguka mahali fulani ndani ya injini. Nikarudi nyuma najipangusa mdomo kwa kiganja, nikakitazama kiganja, nikaona povu.

Povu. Mtu unatoka kuhutubia watu kuhusu sumu, halafu unatokwa na povu mdomoni. Nikajipangusa tena, likaongezeka. Nikatema, likaongezeka. Kila nilipojaribu kulitoa ndivyo lilivyozidi kujaa, na bado kuna lingine linatokea puani.

Wakati huo swahiba, ambaye mbele yake kuna boneti iliyosimama wima, haoni chochote. Anachojua ni kwamba aliombwa taa kubwa na hakusikia sifa yoyote. Kwa hiyo akavuta tena. Safari hii akakishikilia kijiti. Mimi nilikuwa nimeshasimama, na mpigo ulinipata chini ya mkanda. Ile picha ya suruali mnayotumiana ina maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo hayo.

Hapo ndipo nilipomwita mwenye gari. "Maaama!" Kwa heshima zote.

Swahiba akatoka mbio, akaniona na lile povu, akanidaka mabegani. Macho yamemtoka.

"Nini? Nini, kaka?"

"Kulanti," nikasema. Kiputo kikatoka na neno. "Nimemeza kulanti."

"Ile ya mbwa?"

"Figo," nikasema. "Ndugu yangu, nisikilize. Jaki yako iko kwangu."

Akanyamaza kidogo. "Jaki ipi?"

"Ile ya haidroli. Iko chini ya kitanda. Nisamehe."

Mikono ikatoka mabegani mwangu. "Wewe si ulinisaidia kuitafuta?"

"Nilikusaidia."

"Ukasema tumshuku jirani!"

"Figo, kaka," nikamkumbusha, lakini yeye roho yake ilikuwa imeshahama kwangu, iko kwa yule jirani. Angalieni: kwenye ile sauti yake hakuna habari ya jaki hata kidogo. Kaikata. Anaona haya kwamba rafiki yake alikuwa anakufa na yeye anadai jaki.

Mama wa watu alifika kwa mwendo wake uleule. Akanigusa shavu kwa kidole, akakipeleka puani, akanusa.

"Mwanangu, hii ni sabuni ya vyombo. Huwa natia tone kwenye maji ya waipa, kioo kitakate."

Niliacha kufa, lakini si papo hapo. Mwili ulihitaji muda kidogo kupokea taarifa.

"Na isitoshe," akaendelea, sauti ileile ya "ee, kumbe", "injini imewaka mpaka feni imezunguka. Kulanti iliyomo sasa hivi inakaribia nyuzi 90 au imezipita. Ingekurukia wewe, usingekuwa unaongelea jaki. Ungekuwa umebabuka." Akanitolea kitambaa. "Lakini ulisema kweli, sumu ni sumu. Ni ethilini glaikoli. Nilikuwa nasubiri uitaje."

Kumbe alikuwa mwalimu wa kemia. Miaka yote ya kazi yake. Na alikuwa amesimama pale wakati wote nikimfundisha, kidole juu.

Mengine ni mafupi. Nikasukutua, nikanywa maji, nikacheua viputo mbele ya mtu tunayepatana naye bei. Lile doa la tapeti kava lilikuwa la kweli, gasketi, ule mpira wa kuziba ukingo wake, imechoka, na mama akapunguza bei bila kubishana, nadhani kwa huruma. Tukavuta lile boksi kutoka chini ya injini kuona ushahidi: tone moja, la kijani, lenye povu. Gari nimelinunua. Fundi, fundi wa kweli, kabadilisha gasketi, kakachomeka kale kampira kwenye kiungo kipya, na tochi yangu akaikuta imelala juu ya kinga ya chini ya injini, bado inawaka. Wanaouliza kuhusu figo: zipo, asanteni. Wanaonitumia picha za chupa za sabuni: nawafuta mmoja mmoja.

Jaki nilimrudishia swahiba jioni ileile. Hakusema ahsante. Aliipokea, akaiweka juu ya kipande cha boksi, akachuchumaa, akaimulika kwa tochi, akapitisha kidole kwenye sili, akakinusa, akanitazama.

"Inavuja," akasema. Anataka mpya.