Hodi Hodi Chini ya Gari

Muuza njugu wa pale feri ya Mombasa, upande wa Likoni, leo asubuhi amenipisha kabla hajaniona. Alikuwa amenipa mgongo, anahesabu chenji. Akasikia ko-ko, ko-ko, akaruka kando bila kugeuka: "Pita hamali, pita na mkokoteni wako." Alipogeuka akakuta ni Probox, tena ndani yake kuna mtu mzima aliyevaa shati la mikono mirefu. Aliona haya kidogo. Mimi niliona haya mpaka feri ikafika ng'ambo.

Mimi ni mtu na heshima zangu. Ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa, na msikitini nina nafasi yangu safu ya pili, chini ya feni. Hata nikichelewa hakuna anayeikalia. Mtu wa namna hii hafanywi hamali na muuza njugu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kelele hii nimeinunua. Gari lilikuwa kimya. Shoki za mbele zilikuwa zimekwisha, sikatai, zimevuja mafuta mpaka chini. Ukikanyaga breki pua yasujudu, ukipita tuta wabembea mpaka ufike tuta la pili. Lakini kimya, kama mkwe siku ya kwanza! Alhamisi nikajipeleka mwenyewe duka la spea. Mwenye duka akanipangia aina tatu juu ya kaunta. Hii ya kiwanda chenyewe: akataja bei, nikadhani ananiuzia pamoja na gari. Hii eksi-Japani, iliyokwisha kutumika huko: gari zima haliingii bandarini likizidi miaka minane, hilo ndilo lanilisha mimi, lakini shoki ile nimeipindua na kuipindua sikuona tarehe popote. Na hii ya tatu, iliyotengenezwa na watu wengine kwa kufuata kipimo kilekile, ndani ya boksi zuri lenye picha ya gari la mashindano likiruka kilima. Nikanunua boksi. Shilingi 9,500 jozi.

Ijumaa baada ya swala fundi akazifunga. Jumamosi asubuhi ikaanza hodi.

Nilirudi kwa mwenye duka. Akasema shoki mpya ni kama bi harusi, mpe siku arobaini azoee nyumba. Jirani akasema ni upepo wa magurudumu. Yule wa alaimenti akachukua 1,500 akanipa karatasi yenye namba za kijani, akasema sasa gari linakwenda sawa. Linakwenda sawa kabisa, huku likigonga. Shemeji yangu, ambaye anaishi ndani ya simu, akasema ameona video ya mtu mwenye sauti kama hiyo na ikabidi abadilishe injini. Mama watoto akasema, "Washa redio."

Basi leo, baada ya ile ya njugu, nikasema potelea mbali. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda gereji, nyuma ya Saba Saba, pale chini ya mkungu.

Fundi akasukuma boneti kwa mikono miwili, akaliachia. Gari likapanda na kutulia, halikutoa hata pumzi. "Mimi sisikii kitu, mzee." Bila shaka husikii. Gari hili lina adabu mbele ya fundi kama mtoto mbele ya mwalimu wa madrasa. Ufedhuli wake waanza tukishafika kona. Nikamwambia ingia. Akaingia mbele. Kijana wake wa spana akaambiwa akalale kwenye buti, sikio juu ya kapeti. Na mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao pale chini ya mti akaja akakaa nyuma. Hakuna aliyemwita. Alijipangusa vumbi, akafunga mlango, akasema, "Twendeni."

Tukatoka mwendo wa jeneza, ili tusikie. Fundi akatoa kichwa nje ya dirisha, sikio limeelekea gurudumu. Kila akitaka nipunguze apiga ubavu wa mlango, pa pa. Akitaka niongeze, pa. Sasa wewe msomaji jiweke pale Buxton, jua la saa tano, umesimama na kikapu. Waona Probox yaja taratibu, watu wamo, jamaa ametoa kichwa dirishani apiga bodi. Wewe utafikiri nini?

Nyanya mmoja aliyevaa buibui alifikiri hivyohivyo. Akaingia barabarani na mkono juu. Nikafunga breki. Kabla sijafungua mdomo mlango wa nyuma umeshafunguliwa, kikapu kimeshatangulia, na mzee wa bao amesukumwa mpaka dirishani.

"Mwaenda Kongowea?"

Nilikuwa natafuta maneno ya kistaarabu. Fundi hakutafuta.

"Twaenda, nyanya."

"Ngapi?"

"Hamsini."

Nikamgeukia. Akaniambia kwa sauti ya chini ati si tunaelekea hukohuko, mzee, tunapima barabara ile ile. Nyuma magari yananipigia honi. Nikaondoa gari. Miaka kumi na tisa ya kliaringi, leo nimekuwa dereva wa matatu isiyo na laini wala jina kwenye kioo.

Ko-ko.

"Gari yenu yagonga," nyanya akasema.

"Ndiyo twaitafuta sauti yenyewe," fundi akajibu.

"Mwaitafuta na abiria ndani?"

Hapo yule kijana wa spana, ambaye alikuwa amesahauliwa na kila mtu, akapaza sauti kutoka kwenye buti: "Kushoto!"

Nyanya aliruka mpaka kichwa kikagusa dari. Akachungulia nyuma ya kiti. Akaona mtu amenyooshwa, macho yamefumbwa, shavu limelala juu ya kapeti karibu na spea taya.

"Astaghfirullah! Mumembeba maiti!"

"Si maiti, nyanya. Ni kijana wangu."

"Mbona kalala?"

"Asikiliza."

"Asikiliza nini?"

"Gari."

Nyanya akanyamaza. Kupitia kioo niliona midomo yake yaenda mbio, na sidhani alikuwa ahesabu nauli. Ilikuwa Ayatul Kursi. Nikataka kujieleza, nimwambie mimi ni mtu wa safu ya pili, chini ya feni. Lakini mtu ambaye ana kijana kwenye buti hana njia ya kujieleza ikasikika vizuri.

Mzee wa bao akaona huu ndio wakati wake. Akasema hiyo ni boljointi. Fundi akasema haiwezekani, boljointi alizitikisa mwenyewe. Mzee akasema yeye aliendesha lori miaka ile ambayo fundi hajazaliwa, na boljointi ya lori ilikuwa ikilia vilevile. Fundi akasema hili si lori. Mzee akasema chuma ni chuma. Wakapandishiana sauti mpaka hodi yenyewe ikawa haisikiki, na mimi nilikuwa nimezima redio kwa heshima ya hodi hiyo. Kwa muda nikafikiri labda mama watoto ndiye fundi pekee niliyekutana naye wiki hii.

Tulipopanda daraja la Nyali lami ikawa laini, gari likanyamaza kabisa, upepo wa bahari ukaingia. Fundi akajiegemeza. "Imepona," akasema. Tumeteremka ng'ambo tu, gurudumu la kushoto likaingia kishimoni: KO!

Ndipo nyanya akapoteza subira.

"Wewe dereva! Kwa matuta kule hukunigonga hata mara moja. Kila ukitia mguu mmoja shimoni ndipo wanigonga. Basi niendeshe kwenye matuta mpaka nifike!"

Tukamcheka sote. Wote isipokuwa aliyekuwa kwenye buti.

Tulimshusha karibu na soko. Nauli akampa fundi mkononi, na kwangu akaja dirishani kuniambia kwa upole, "Wewe mwanangu huna neno, ila makanga wako hana adabu." Akashika njia. Nikamtazama fundi. Akaikunja ile hamsini mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Ya soda," akasema. Gari langu, mafuta yangu, aibu yangu, soda yake.

Kurudi gereji, kijana wa spana ndiye aliyeshuka akiwa na neno. Akasema yule nyanya amesema kweli. Na akanieleza, kitu ambacho fundi hajanifanyia tangu nimjue. Kuna fimbo ya chuma, stabilaiza, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na kila upande imeshikwa kwa linki, kijiti kirefu kama mkono wa mwiko. Ukipanda tuta magurudumu mawili yapanda pamoja, ile fimbo haina kazi, inazunguka tu mahali pake. Ukitia gurudumu moja shimoni ndipo inajipinda na kuivuta linki. Na linki huwezi kutoa shoki bila kuifungua upande wake wa juu. "Ijumaa tuliifungua," akasema. Fundi akaanza kutafuta kitu kwenye sanduku la spana ambacho hakikuwamo.

Nikavua saa, nikakunja mikono ya lile shati, nikalala chini. Nataka niishike mwenyewe. Kijana akanipeleka mkono mpaka penyewe, nyuma ya gurudumu, chuma chenye joto na vumbi la mafuta. "Shikilia hapo." Akamwambia mzee wa bao atikise gari kutoka ubavuni. Na hapo, ndani ya kiganja changu, ko. Ndogo tu. Kama mtoto anayebisha mlango akijua baba yake amelala. Ko. Siku nne nimeisikia kwa masikio nikidhani yatoka kila mahali, kumbe ina nyumba, na nyumba yenyewe ni nati moja.

Nati yenyewe ilikuwa na hila. Kijana akatia spana, akazungusha, ikazunguka. Akazungusha tena, ikazunguka. Ungeapa inakaza. Kumbe kile kipini cha linki kina kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake, na nati ikishikwa na kutu kwenye hesi, ile mikato inayozungukia, huzunguka pamoja na pini. Na kutu mji huu, wenye chumvi ya bahari hata kwenye kitasa cha mlango, hatuna haja ya kuiagiza. Fundi siku ya Ijumaa alizungusha, akaona inazunguka, akatosheka, akaenda kunywa chai. Dawa yake ni kupiga brashi hesi zile, kutia mafuta kidogo, kisha kushika ncha ya pini kwa alenki, kile kijifunguo cha pembe sita, ili isizunguke, na spana ikaze nati peke yake. Dakika tano, pamoja na kutafuta alenki, ambayo ilikuwa kwa jirani anayechomelea mageti.

"Nilijua tu ni linki," fundi akasema.

Alitaka 500. Ya nini? Ya kutafuta. Nikamwambia atoe ile hamsini ya nyanya. Akasema mzee, hiyo ni biashara nyingine. Nikamlipa 500, nikampa kijana 200 mbele ya macho yake. Mzee wa bao naye alikuwa amesimama karibu, mkono haujanyooka sawasawa lakini haujakunjwa pia. Nikajifanya nimepigiwa simu.

Jioni nimerudi feri. Lile bati la mlangoni, ambalo kwa siku nne lilikuwa likinitangaza kwa abiria wote, nimelipita kimya. Kimya mpaka yule muuza njugu, aliyekuwa amesimama katikati ya njia palepale pa asubuhi, hakunisikia na hakuondoka. Ikabidi nipige honi. Akasogea, akainama dirishani kuomba radhi, kisha akavuta pumzi.

"Mzee, siku hizi wauza ng'onda?"

Nikafika nyumbani nimetoa kichwa dirishani kama fundi. Chini ya kiti cha nyuma nikalikuta furushi la gazeti, limelowa mafuta, ng'onda vipande saba, samaki wa kukaushwa. Nyanya aliporukia dari, kikapu kilimwagika. Nimesema nitarudi kesho Kongowea kumtafuta. Mama watoto amesema Kongowea kuna manyanya wangapi wenye buibui, na nitamwuliza kila mmoja kama ndiye aliyepanda gari lenye mtu kwenye buti? Tena ameshaziloweka. Anasema ng'onda hizi ni za kupika kwa nazi, na nazi hakuna, na bei ya nazi sasa ni ya kuuliza ukiwa umekaa. Hapa Pwani! Minazi nimeizunguka tangu kuzaliwa, nanunua nazi kama mtu wa bara. Tukapima kama riziki ya mtu isiyojulikana mwenyewe yafaa kuliwa au yafaa kutolewa sadaka, na mtoto wa pili akasema itolewe sadaka kwetu.

Gari nimeliacha milango wazi nje ya ua tangu magharibi. Shemeji amepita sasa hivi. Ametia kichwa ndani, amenusa mara mbili, amefumba macho kama daktari. Anasema hiyo ni klachi inaungua.

Gari langu ni otomatiki.