Nondo wa hariri si mmoja

Ukitaja hariri, watu wengi humfikiria mdudu mmoja tu: yule nondo mweupe wa China ambaye viwavi wake hula majani ya mforsadi. Huyo amefugwa maelfu ya miaka mpaka kuruka kumemshinda. Sifa zote kapewa yeye, na nondo wa porini walioko kwetu tumewaacha hata jina hawana. Mimi naona si haki.

Chukua msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kwenye miti ya Bridelia kuna viwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Anaphe panda. Hao ni ujamaa mtupu: wanakula pamoja, wanatembea kwa msururu, na wakishashiba wanajenga kiota kimoja cha hariri ya kahawia. Ganda la nje ni gumu kama karatasi ya mfuko wa saruji, na ndani vifukofuko vimebanana, kila kiwavi na chake. Kishike ovyo uone, vinyweleo vyao vitakuwasha mpaka ujute. Hariri hiyo haivutwi uzi mmoja mrefu kama ile ya China. Huchemshwa kwanza kwa magadi ili gundi itoke, kisha husokotwa kama pamba. Watafiti wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Nairobi, wameifanya kazi hii na wanavijiji wa Kakamega, na kule Mwingi, mashariki mwa Kenya, wakashughulika na nondo mwingine, Gonometa, anayeishi kwenye migunga.

Sasa tafuta majina yao kwa Kiswahili. Wote "nondo". Tena ukiliandika neno hilo kwenye simu Tanzania, utaletewa bei ya vyuma vya kujengea.

Wenzetu hawako hivyo. Wayoruba wa Nigeria hufuma hariri ya jamaa wa huyu wa Kakamega, wanaiita sanyan, na ni vazi la harusi la watu wenye hadhi. Madagaska wana landibe, wa kwenye miti ya tapia, ambaye hariri yake hufumwa sanda za kuwazikia wazee. Yule wa China alipofikishwa kwao wakamwita landikely. Landibe ni mkubwa, landikely ni mdogo. Mwenyeji mkubwa, mgeni mdogo! Mpangilio huo unanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Najua kuna watakaosema kazi ya kutoa majina tuwaachie BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania. Sikubali. Istilahi ya kamati hubaki kwenye kamusi. Anayehitaji jina ni yule anayeuza kitambaa, kwa sababu mteja atamuuliza hiki ni cha nini, naye hawezi kujibu "cha mdudu fulani hivi".

Kwa hiyo mimi nimeamua kuandika anafe na gonometa, kwa herufi ndogo, kama tunavyoandika mbuzi na kuku. Mwokota viota wa Kakamega akiwa na jina zuri zaidi, alilete, nitalifuta la kwangu siku hiyo hiyo.