Kabla ya kodi ya kompyuta, mfundisheni kushika kipanya

Juzi nilialikwa kusaidia kwenye mafunzo ya siku moja ya kuiandikia roboti kodi, yaani maagizo ya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuzunguka kati ya meza na kuwakwamua waliokwama. Mkufunzi akawasha projekta, akafungua Webots, programu ya uigaji, yaani ya kuendesha roboti iliyo kwenye skrini tu, akaizungusha roboti yake huku na huku kwa madaha, kisha akatamka ile sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi mno: "Haya mambo ya kipanya mtayazoea wenyewe, twende kwenye kodi." Dakika 3. Nilitazama saa.

Nyuma kabisa alikuwapo kijana mmoja, kimya. Wenzake wanaandika amri za mota, yeye anatazama skrini yenye rangi moja tupu kama ukuta uliopakwa jana. Nikamwinamia. "Vipi, imegoma?"

"Kaka, nimefuta roboti."

Hakufuta chochote. Alitaka kuisogelea roboti, akalizungusha gurudumu la kipanya kupita kiasi, kamera ikapenya sakafu, na sasa alikuwa akiitazama dunia yake akiwa chini ya ardhi. Roboti ilikuwa palepale, jina lake linaonekana kwenye orodha ya vitu upande wa kushoto. Tukaingia kwenye menyu ya mwonekano, tukairudisha kamera mahali pake, roboti hiyo ikajitokeza. Unajua alikaa hivyo muda gani? Dakika 40. Dakika 40 za kuona aibu kuuliza, kwa sababu ameshaambiwa hilo ni jambo la kuzoea mwenyewe.

Nilikasirika, na bado sijapoa.

Tatizo si kijana. Kwenye programu hizi mkono mmoja ulioshika kipanya unafanya kazi tatu zisizofanana hata kidogo, na hakuna anayemwambia mgeni kwamba ni tatu. Ya kwanza ni kusogeza jicho lako: dunia imetulia, wewe ndiye unayezunguka. Ya pili ni kusogeza kitu: jicho limetulia, roboti inahama. Ya tatu ni kukisukuma kitu: unakipa nguvu, kisha unaiachia fizikia iamue kitaanguka ama kitasimama. Machoni mwa anayeanza, zote tatu zinafanana. Picha imebadilika, basi. Roboti iliyokuwa kushoto sasa iko kulia. Imehama yenyewe au umehama wewe? Asiyeweza kujibu swali hilo bila kufikiri hajawa tayari kuandika hata mstari mmoja wa kodi, maana roboti ikienda kombo hatajua alaumu nini.

Na hapo sijagusa fujo ya vitufe. Kwenye Webots, ukishika kitufe cha kushoto na kuburuta, unazungusha mwonekano. Kwenye Gazebo, programu nyingine ya aina hiyo, kuburuta huko huko kunatelezesha mwonekano pembeni. Ukitaka kuzungusha, unashikilia Shift kwanza. Haya, chukua mtu aliyezoea Gazebo umketishe mbele ya Webots. Anataka kuzungusha mwonekano, mkono unakumbuka, anashikilia Shift, anaburuta juu ya roboti. Kwenye Webots, Shift na kitufe cha kushoto ni kuhamisha kitu. Hongera, umeing'oa roboti mahali ulipoipima kwa uangalifu na kuiweka kusikojulikana, na wewe unadhani umegeuza kichwa tu. Waliobuni haya hawakukaa meza moja, sawa, lakini basi tusijifanye kwamba ni mambo ya kuzoea wenyewe.

Kuhusu kusukuma, wengi hawajui hata kama kupo. Nimewahi kumwona mtu anapima roboti ya kujisawazisha kwa kuiinua kwa kipanya na kuitua upande wa pili, kisha anashangilia kwamba haikuanguka. Ndugu yangu, umeihamisha kama bakuli mezani, hukuipima. Kwenye Webots unashikilia Alt (kwenye Linux ni Ctrl na Alt pamoja), unabofya roboti na kuburuta, na hapo unakuwa umeivuta kwelikweli. Kwenye MuJoCo, nayo ya uigaji, unabofya mara mbili kuchagua kiungo, kisha Ctrl na kuburuta kwa kitufe cha kulia. Ukiiona roboti inayumba, inajikaza, inarudisha uzito, hapo ndipo unapoanza kuelewa kodi yako imefanya nini. Somo zima la udhibiti liko kwenye kidole hicho, nasi tunaliruka ili tuwahi kunakili mistari ya kodi kutoka kwenye projekta.

Halafu kuna muda. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Nilipokuwa naanza, nilitengeneza kigari cha magurudumu mawili, nikabonyeza kitufe cha kuchezesha, kikatembea kidogo na kubinuka. Nikakiona kinachekesha, nikasevu, nikalala. Kesho yake nafungua, kigari kiko miguu juu. Nikadhani faili limeharibika. Nikapanga upya, nikachezesha, nikasevu, na kikaanza kuzama sakafuni kidogo kidogo kila siku. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nasevu dunia iliyokwisha kuanza kutembea. Mwongozo wa Webots unasema waziwazi kwamba kabla ya kuhariri na kuhifadhi, usimamishe na kurudisha mwanzo, saa ya juu isomeke 0:00:00:000, la sivyo makosa ya mahali yanajilimbikiza kila unaposevu. Mstari mmoja tu. Nani anausoma?

CoppeliaSim, programu nyingine ya uigaji, ina tabia ya kinyume: kwa kawaida yake, unachobadilisha wakati uigaji unaendelea kinafutika ukibonyeza kusimamisha, kila kitu kinarudi kilipokuwa. Nayo ina mantiki yake. Ila fikiria mwanafunzi aliyepanga vizuizi saa nzima bila kugundua kwamba uigaji unaendelea.

Gazebo mpya nayo inafunguka ikiwa imesimama, isipokuwa umeiomba vinginevyo. Mtu anatuma amri, roboti haisogei, anaivua kodi yake nguo zote, kumbe kitufe cha kuchezesha kiko pale chini kushoto kinamsubiri.

Mihimili, ile mistari inayoonyesha pande: nyekundu ni X, kijani ni Y, bluu ni Z. Dakika moja inatosha kuitazama.

Vipimo, kwenye Webots na Gazebo: mita na radiani, si digrii. Aliyeandika 90 akitaka robo ya mzunguko ameomba mizunguko 14 na ushee. Robo ni 1.57. Tuendelee.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa pale pale kwenye mafunzo wakati wa mapumziko. Kwamba kazi za kweli zinaendeshwa bila dirisha lolote, uigaji mamia kwa wakati mmoja kwenye mashine za mbali, hakuna kipanya, hakuna kamera. Sawa, ni kweli. Kwamba vitufe hubadilika, hata majina ya programu hubadilika: V-REP ikawa CoppeliaSim mwaka 2019, Gazebo mpya ikaitwa Ignition halafu mwaka 2022 ikarudishiwa jina la Gazebo, ile ya zamani nayo ikaacha kuhudumiwa Januari 2025. Kweli tena. Nakubali shingo upande. Lakini anayeendesha uigaji mamia bila dirisha ni mtu ambaye kichwani mwake dirisha limeshafunguka. Anaiona roboti akiwa amefumba macho. Aliipata wapi picha hiyo kama si kwenye saa nyingi za kuzungusha, kupotea na kurudi? Wanaotuambia tuiruke ngazi wameshafika darini.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo ya vitufe. Yule mkufunzi si mtu mbaya, na kodi yake ilikuwa safi. Ila alipozungusha ile roboti kwa madaha mwanzoni, alikuwa anaonyesha ustadi na wakati huohuo anaukana kuwa ni ustadi. Mtu akikuambia kwamba unachoshindwa si kitu, umebaki na maelezo mamoja tu: kwamba wewe ndiye si kitu. Ndiyo maana kijana alinyamaza dakika 40.

Baada ya mapumziko nilimtafutia kipanya cha kweli, maana alikuwa anahangaika na ile padi ya kugusa. Tukaiacha kodi kando kabisa. Nikamwambia apotee makusudi: ingia chini ya sakafu, toka, panda angani mpaka roboti iwe nukta, rudi. Mara ya nne hakunitazama tena kuomba msaada. Kisha nikamwonyesha Alt. Akaishika roboti begani, akavuta. Ikayumba, ikapiga hatua moja ya kilevi, ikaanguka kifudifudi. Akacheka kwa sauti, wa mbele wakageuka.

Bado anacheka, kidole chake kikaenda kwenye Ctrl, kingine kinaitafuta S.

"Saa inasoma ngapi?" nikamuuliza.

Akainua macho juu ya skrini. Akaviondoa vidole polepole, akairudisha dunia kwenye sifuri, ndipo akasevu.