Sukari Itoke Sufuriani

Anayepika chai ndiye anayeamua nyumba nzima itakunywa sukari kiasi gani, na ugomvi wangu unaanzia hapo. Hapa Kisumu, na mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil hayako mbali, sukari humwagwa sufuriani pamoja na majani bila mtu kuuliza. Vikombe vitatu vya maji, vitatu vya maziwa, sukari vijiko vinane vya mezani: hiyo ni kama gramu 100. Gawia watu sita, kila mmoja kapata karibu gramu 17, yaani vijiko vinne vya chai. Akirudia jioni, ameshapita zile gramu 25 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema mtu asizifikie, na soda bado hajaigusa.

Sukari ikae mezani, kila mtu ajipimie. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kile cha mlima hukaribia 7, kwa hiyo anayesema “naweka viwili tu” atuonyeshe kwanza hivyo viwili. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Anayeacha ghafla Jumatatu, Alhamisi utamkuta palepale.

Ila kwangu mimi mkosaji mkubwa ni majani. Chai iliyotokota robo saa huwa chungu, na uchungu huo ndio unaodai sukari. Acha maziwa na maji vichemke kwanza, tia majani, hesabu dakika tatu, epua, chuja papo hapo. Majani yakibaki kwenye chupa ya chai, kikombe cha mwisho huwa kikali kama dawa. Tangawizi ichemshe na maji dakika tano kabla ya maziwa kuingia, la sivyo maziwa hukatika mabonge mabonge. Iliki mbili na kipande cha mdalasini huudanganya ulimi kwamba utamu upo.

Uji wa wimbi ni vivyo hivyo: unga uliochachuka siku tatu huomba sukari kuficha ukali. Changanya nusu yake na unga usiochachushwa.

Sukari nguru na asali? Zihesabu vilevile.

Mgeni akija, mwambie mapema kuwa chai haina sukari na umsogezee bakuli. Usipomwambia, atainywa kimya akidhani mmeishiwa.